Manjano ya Mtoto Mchanga Hayangoji Siku ya Saba



Leo tumeshika kalamu kukiri kosa letu wenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini tumekaa juu ya mkeka hapa Musoma tukiwasomesha watoto wenu alifu na be, na katika muda huo watu wametuamini kwa mambo mengi yaliyozidi elimu yetu. Mwenye kuumwa kichwa hutujia, mwenye kuota ndoto mbaya hutujia, na mwenye mtoto mchanga hutujia mapema kuliko wote, kwa kutaka jina, na dua, na hesabu ya siku ya akika. Mtu akiaminiwa hivyo kwa muda mrefu, huanza kujibu hata yale asiyoyajua. Hilo ndilo lililotupata sisi, na aliyedhurika ni mtoto wa watu.

Miaka michache iliyopita bibi mmoja wa upande wa Butiama alimleta mjukuu wake mjini, akae kwa shangazi yake Nyasho, apate kusoma chuoni kwetu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka saba, mpole, mwenye uso mzuri. Aliposhika kalamu, vidole vyake vilijikunja na kujinyoosha pasipo yeye kutaka. Tulipomwambia atazame herufi zilizoandikwa juu ubaoni, hakuinua macho. Aliinua kichwa kizima, kama mtu atazamaye ndege. Upepo wa ziwani ulipoupiga mlango wa bati, aligeuka upesi kama wenzake. Walakin tuliposema "be", alinyamaza, au alitoa sauti isiyofanana na herufi yoyote.

Sisi tukahukumu. Tulisema: mtoto huyu masikio anayo, maana mlango anausikia, basi asiposema "be" ni ukaidi. Na kule kutoinua macho tukakuita kiburi. Tulimchapa, wala haikuwa mara moja. Tunayaandika haya na uso wetu umeinama.

Ikapita miezi. Siku moja bibi yake alikuja kumjulia hali, akaketi barazani, nasi tukamweleza kwamba mjukuu wake hasomi. Alitutazama kwa muda, kisha akasema:

"Maalim, kwani huyu umemsahau? Huyu ndiye yule uliyemwandikia kombe."

Hatukukumbuka. Akatukumbusha. Alipozaliwa mtoto huyo, siku ya tatu macho yake yaligeuka rangi ya manjano, na siku ya nne manjano yalikuwa yameshuka hadi nyayoni. Jirani mmoja alisema apelekwe hospitali. Wazee wakasema mama yumo katika arobaini, hatoki. Kwanza aulizwe maalim. Babu yake akapanda basi, akaja Musoma, akatukuta tunasomesha. Tulimwandikia kombe, tukamwambia kwamba manjano ya watoto wachanga ni jambo la kawaida, mtoto aanikwe kidogo kwenye jua la asubuhi, na ikifika siku ya saba wafanye akika yao kwa salama. Siku ya tano mtoto aliacha kunyonya, akawa akilia kwa sauti nyembamba kali, na mgongo wake ukajipinda kwa nyuma kama upinde. Baadaye hayo yalipungua, manjano yakaisha, watu wakamshukuru Mwenyezi Mungu, na akika ikafanywa. Hata sisi tuliletewa nyama.

"Kombe lilimsaidia, Maalim," akasema yule bibi, pasipo kejeli wala lawama. "Ila tangu siku ile hakuwa tena mtoto yule."

Usiku ule hatukulala. Asubuhi yake tuliandamana na shangazi yake tukampeleka mtoto hospitali, na baada ya safari kadhaa akapimwa na daktari wa masikio. Daktari alitueleza kwa mfano ambao hatutausahau. Alisema: "Maalim, umewahi kusikiliza redio ambayo haikukaa sawasawa katika stesheni yake? Sauti unaisikia, maneno huyapati. Ndivyo anavyosikia mtoto huyu. Sikio linapokea, lakini njia ya kutoka sikioni kwenda ubongoni imeharibika." Kisha akatazama vile vidole, na yale macho yasiyopanda juu, na meno ya utoto yaliyoingia rangi ya kijani, akauliza habari za siku zake za mwanzo. Alipoelezwa, alisema kwamba mambo manne hayo, yaani viungo vinavyojisokota, macho yasiyoinuka, usikivu uliovurugika na meno yenye doa, huandamana kwa mtoto ambaye manjano yalimfika ubongoni.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipoanza kuuliza na kusoma, nasi tumeona ni wajibu kukugawia tulichokipata.

Kwanza tutenganishe majina. Manjano tunayoyasema hapa siyo homa ya manjano iletwayo na mbu. Damu ya binadamu ina chembe nyekundu, na kila chembe ina muda wake wa kuishi. Za mtu mzima huishi siku 120 hivi. Za mtoto mchanga huishi muda mfupi zaidi, naye huzaliwa nazo nyingi. Zinapovunjika hutoa taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, taka hiyo hupita katika kondo na kuondolewa na mwili wa mama. Akishazaliwa, ini lake mwenyewe hubeba kazi hiyo, na ini la siku mbili tatu bado halijaizoea. Ndiyo maana katika kila watoto 10 waliozaliwa kwa kutimiza miezi yao, 6 hivi huonekana manjano katika juma la kwanza, na katika kila njiti 10 ni 8 hivi. Kwa walio wengi, manjano hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hushuka, na kabla ya majuma mawili huwa yamekwisha.

Kwa hiyo wazee wetu waliposema kwamba ni jambo la kawaida hawakusema uongo. Walisema kweli ya watoto wengi, nasi tukaichukua kweli hiyo tukamvika mtoto mmoja pasipo kumpima.

Hatari yenyewe yatoka wapi? Katika damu mna protini iitwayo albumini ambayo huishika bilirubini kama mpagazi ashikavyo mzigo na kuufikisha kwenye ini. Mizigo ikizidi wapagazi, ile isiyo na mchukuzi hutangatanga, na mwisho huvuka ule ukuta unaoulinda ubongo. Huko hutua katika viini vya ndani vinavyosimamia mwendo wa viungo, mwendo wa macho na njia ya kusikia. Mwanzoni mwa karne ya 20 tabibu wa Kijerumani, Georg Schmorl, aliyapa maradhi hayo jina la kernikterasi, yaani manjano ya viini vya ubongo. Kiini kikishakufa hakifufuki. Lakini saa chache kabla ya hapo, mtoto yule yule aweza kuokolewa na taa tu. Tafadhali lishike neno hili, kwa kuwa ndilo lililotufanya tuandike.

Sasa mzazi atauliza: nitajuaje kama manjano ya mwanangu ni ya kupita au ni ya kudhuru? Jibu ni kwamba jicho peke yake halitoshi, khasa kwa ngozi zetu nyeusi. Jicho kazi yake ni kushtuka. Kupima ni kazi ya hospitali, ama kwa damu kidogo, ama kwa chombo kiwekwacho juu ya ngozi. Kipimo hutoa hesabu inayosomwa kwa mikromoli katika kila lita ya damu. Na hesabu hiyo nayo haisemi kitu mpaka iulizwe maswali matatu.

Swali la kwanza ni saa. Mtoto ana saa ngapi tangu kuzaliwa? Manjano yanayoonekana kabla ya kutimia saa 24 kamwe hayahesabiwi kuwa ya kawaida. Mtoto huyo hupelekwa mara moja. Miongozo ya Uingereza yaonyesha jambo hili vizuri: kwa mtoto wa majuma 38 au zaidi tumboni, akiwa na saa 24, tiba ya taa huanza hesabu ikipita 200, akifika siku nne, hungojwa mpaka ipite 350. Na kiwango cha kumbadilisha damu ni 300 kwa yule wa saa 24, na 450 kwa yule wa siku nne. Hesabu ya kupumzika kwa mmoja ni hesabu ya kukimbia kwa mwenziwe.

Swali la pili ni majuma. Mtoto alikaa majuma mangapi tumboni? Kwa miongozo hiyo hiyo, mtoto wa majuma 34 akishatimiza siku tatu huwekwa chini ya taa akipita 240, na kubadilishwa damu akipita 340. Ubongo wa njiti hauna subira. Hata yule wa majuma 36 au 37, ambaye nyumbani twamwona mkubwa na mzima, hunyonya kwa uvivu na ini lake ni changa. Huyo ndiye atudanganyaye zaidi.

Swali la tatu ni sababu. Je, liko jambo linalovunja damu ya mtoto huyu kwa kasi? Mama akiwa na kundi la damu O na mtoto akawa na A au B, kinga za mama zaweza kuvunja damu ya mtoto. Mama akiwa na Rhesus hasi na mtoto akawa na Rhesus chanya, hatari ni kubwa zaidi, na kwa ajili hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 iko sindano ambayo mama huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, ili kuwakinga watoto watakaofuata. Uambukizo, uvimbe wa kichwa au damu iliyovilia kwa uzazi mgumu, kutonyonya vya kutosha, na kuwapo ndugu aliyetangulia kuugua manjano makali: yote haya hutiwa katika mizani.

Tena liko moja linalotuhusu khasa sisi wakazi wa nchi za ziwani. Pale ambapo malaria imekaa na watu karne kwa karne, watu wengi wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, nao huwadhihirikia zaidi watoto wa kiume. Mtoto mwenye upungufu huo aweza kuishi salama, mpaka akutane na kitu kinachozivunja chembe zake ghafula. Kimoja cha vitu hivyo ni vidonge vya naftalini, vile vyeupe tunavyovitia sandukuni kufukuza nondo, kisha tukatoa humo nguo na shuka tukamfunika mtoto. Kingine ni hina. Mama zetu hupenda kumpaka mtoto mchanga hina kwa furaha, na madaktari wameandika habari za watoto wenye upungufu huo waliovunjikiwa damu kwa sababu yake. Furaha yetu na ingoje mtoto akue.

Juu ya maswali hayo matatu ziko alama za kwamba mtoto amekaribia ukingo. Kwa mtoto wa majuma 37 na zaidi, hesabu kupita 340, au kupanda kwa zaidi ya 8.5 katika kila saa, humfanya daktari amhesabu kuwa yumo hatarini. Na nyumbani alama ni hizi: mtoto amelegea, analala mno na haamki hata kunyonya, kisha analia kwa sauti nyembamba ya juu, kisha anakakamaa, shingo na mgongo vikipinda kwa nyuma, na pengine homa, au degedege. Mzazi akiona hata moja, asiseme kumekucha tutakwenda.

Mwaka uliopita Mwenyezi Mungu alitutahini tena kwa mtihani ule ule, ila safari hii nyumbani mwetu. Binti yetu aliyeolewa Bunda alijifungua mtoto wa kike, majuma 36, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya pili alasiri tulifika kumwona mjukuu. Chumba kilikuwa na giza, pazia zito limeteremshwa, na mafusho yakifuka. Tukamwomba mama watoto amlete mtoto mlangoni penye mwanga. Alipomfungua, tulimbonyeza kidogo puani kwa kidole: pale damu ilipokimbia, ngozi ilibaki manjano kama bizari. Tukatazama nyayo, nazo zimeanza.

Tulisema aende hospitali sasa hivi. Shangazi wa mkwe wetu, mama mwenye heshima yake, akasimama mlangoni.

"Maalim, mtoto ana siku mbili tu. Wewe ndiwe uliyetufundisha adabu za arobaini. Leo ndiwe wa kuzivunja?"

Tukamjibu: "Mama, tulifundisha kwa kutojua, na ushahidi wa kutojua kwetu uko Nyasho, una miaka minane." Tukamsimulia habari ya yule mtoto wa Butiama tangu kombe mpaka fimbo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha hakusema neno. Alichukua khanga, akamfunga mtoto mwenyewe, akatangulia garini.

Alipopimwa alikuwa na saa 50, na hesabu ikawa 236. Mtu asiyejua angeliona ni ndogo. Mtoto aliyetimiza majuma yake, akiwa na siku nne, kwa hesabu hiyo asingewekwa hata taa. Lakini huyu alikuwa wa majuma 36, wa saa 50, mama yake O na yeye A. Daktari alisema kiwango cha taa amekwisha kukipita zamani, na cha kubadilisha damu hakiko mbali. Wakamlaza chini ya taa ya buluu, uchi isipokuwa nepi, macho yamezibwa kwa kitambaa, mama yake akimnyonyesha kila baada ya saa mbili au tatu. Yule shangazi alikaa kitini usiku kucha akiisoma Yasini. Siku ya tatu hesabu ilikuwa imeshuka vya kutosha, wakazima taa, na kesho yake walipompima tena wakaturuhusu. Akika ilifanywa siku ya saba kama ipasavyo.

Habari ya taa hiyo nayo ina funzo. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, mkoa wa Essex nchini Uingereza, alikuwako muuguzi aliyesimamia njiti, jina lake Sister Ward. Siku za joto alikuwa akiwatoa watoto nje uani wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyefifia manjano mwili mzima, isipokuwa kipande cha pembetatu kilichobaki manjano sana: palikuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Halafu kichupa cha damu kilichosahauliwa juani karibu na dirisha kilipopimwa, bilirubini yake ilikuwa imepungua. Madaktari wakatengeneza taa, na mwaka 1958 wakaitangaza tiba hiyo kwa walimwengu. Mwanga hubadilisha umbo la bilirubini, ikaweza kutoka mwilini kwa nyongo na mkojo. Elimu yote hiyo ilianza kwa mama mmoja aliyemtazama mtoto mchana, akatazama vizuri.

Basi mtu atasema: kama mwanga ndio dawa, jua letu la Musoma lina kasoro gani? Hilo tuliliuliza. Jua la uani halina kipimo: mtoto huungua, hukaukiwa na maji, ama hupigwa baridi, na dakika chache za asubuhi hazitoshi kumshushia manjano makali. Mjini Lagos, Naijeria, watafiti walitengeneza mahema ya kuchuja miale inayodhuru, wauguzi wakikaa humo kuwapima watoto joto, na uchunguzi wao uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba jua lililochujwa namna hiyo halikushindwa na taa. Lakini hiyo ni kazi ya hospitali yenye vipimo. Madhara makubwa ya kumwanika mtoto nyumbani ni kwamba hutupa moyo wa kungoja, na kungoja ndiko kunakoua ubongo.

Kuhusu arobaini, yatupasa tuseme waziwazi. Nifasi ina hukumu zake katika sala, katika saumu, na baina ya mume na mke. Kumpumzisha mzazi na kumhudumia ni jambo jema na ni huruma ya wazee wetu, lakini sharia haikumfungia mama ndani hata mwanawe aharibikiwe. Wala mtu asiogope mtoto kubadilishwa damu ikilazimu. Dharura ina hukumu yake, na wanavyuoni wa zama zetu wameruhusu kutia damu ili kuokoa roho. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, na yule mwenye ngamia alimfundisha kwanza afunge, ndipo ategemee. Tulimfundisha babu wa Butiama kutegemea, hatukumwambia afunge.

Kwa hiyo twaomba kila nyumba ifanye mambo haya. Kabla ya kujifungua, mama ajue kundi lake la damu na liandikwe katika kadi yake ya kliniki. Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na aendelee mara nane au zaidi kwa siku, wala asipewe maji wala maji ya sukari. Tahniki ni sunna, lakini haishiki mahali pa ziwa. Kila siku ya juma la kwanza, pazia lifunguliwe, mtoto atazamwe kwa mwanga wa mchana: weupe wa macho, ufizi, pua iliyobonyezwa, viganja na nyayo. Manjano ya siku ya kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au yanayoambatana na kutonyonya, hayana mjadala. Ni hospitali saa ile ile. Aliyezaliwa njiti, ama ndugu yake aliugua manjano, apimwe hata akionekana mzima. Mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua yasipuuzwe. Shirika la Afya Duniani lataka mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72, na saa hizo ndizo zenyewe manjano yanapopanda. Na manjano yakipita siku 14, au choo kikawa cheupe na mkojo ukawa wa rangi nzito, hilo ni jambo jingine la ini na nyongo, nalo pia halingoji. Mtoto aliyepata manjano makali apimwe masikio mapema, kabla maalim hajamwita mkaidi.

Mkoani kwetu tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, na mbele yake iko Bugando ya Mwanza. Wala mtu asianze kwa kufikiri umbali. Aanze na kituo kilicho karibu, nacho ndicho kitakachompa rufani.

Na ninyi walimu wenzetu wa vyuo, mnaotujua na msiotujua: watu wataendelea kutujia na watoto wao wachanga, nasi hatuwafukuzi. Dua ni silaha ya Muislamu. Akija mtu kwetu sasa kwa mtoto mwenye manjano, twamwombea pale pale akiwa amesimama, kisha twamwuliza amekuja kwa usafiri gani, na kama hana nauli ya hospitali twamtafutia. Kombe hatuandiki mpaka arudi na cheti.

Yule mtoto wa Butiama bado yuko chuoni. Tulimwomba msamaha mbele ya wenzake, kwa ishara tulizofundishwa, na kwa bibi yake tulikwenda kuuomba kwa miguu yetu. Bibi alitusamehe kabla hatujamaliza kusema, na hilo lilituuma kuliko kama angelitulaani. Mtoto anasoma pia katika darasa la watoto viziwi, na kwetu tumeacha kumsomesha kwa sauti. Twamwandikia herufi chini ya upeo wa macho yake, si juu ubaoni, naye huzifuata kwa kidole kile kinachojisokota, taratibu, mpaka mwisho wa mstari. Juma lililopita aliandika jina lake, akakosea nukta moja, akaifuta mwenyewe, akaiandika upya. Tulipozaliwa sote tulisomewa adhana sikioni. Yeye naye alisomewa, saa ile angali na masikio mazima, naye alikuwa na siku tatu kamili za sisi kumhifadhia.

Wabillahi Tawfiq.